Kupima ni jadi ya Kigoma, kilichobaki ni chombo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu ya barua nizungumze na wenye maduka, wauzaji wa sokoni na wanunuzi wa Kigoma Ujiji, pamoja na ndugu zetu wa Tabora ambao tunapeana nao bidhaa kwa reli ile ile. Jambo lenyewe ni vifuko vya plastiki tunavyotoka navyo sokoni kila siku, na namna ya kuviacha bila mtu kuingia gharama mpya.

Mwaka 2014 mjini Berlin lilifunguliwa duka la Original Unverpackt, ambako mteja alikuwa akienda na chombo chake akajaziwa mchele, mafuta au sabuni. Mkazi wa Mwanga hapa Kigoma akisikia habari hiyo atashangaa kidogo, maana mafuta ya kupima, chumvi ya kupima na dagaa wa sado ndiyo biashara aliyoikuta tangu utoto. Mfano unaotufaa zaidi uko Chile. Kampuni ya Algramo ilianza kwenye viduka vya mitaani vya Santiago, ikiuza bidhaa kwa gramu kwenye vyombo vinavyorudi, kwa sababu anayenunua pakiti ndogo huishia kulipa zaidi kwa kila gramu kuliko mwenye uwezo wa kununua mfuko mkubwa. Hapo ndipo tulipo sisi. Mama anayenunua mafuta ya shilingi 500 asubuhi na mengine ya shilingi 500 jioni hahitaji kufundishwa kupima. Anahitaji kipimo cha haki na chombo kinachorudi.

Sheria imetufikisha nusu ya njia. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea, ile tuliyoizoea kwa jina la rambo, ilipigwa marufuku nchi nzima. Vifungashio vya plastiki vya bidhaa za viwandani, dawa na pembejeo za kilimo viliachwa kwa kuwa vina kazi yake. Vifuko laini vinavyong'aa, visivyo na jina la kiwanda wala anwani, vimepenya kwa mlango huo huo. Leo hufungiwa nusu kilo ya sukari, robo ya dagaa, nyanya nne, hata mawese yaliyopigwa fundo juu. Kifuko kilichobeba mawese hakioshiki, muokota chupa hakitaki kwa kuwa hakina uzito wa kuuzika, na mvua ya kwanza hukisukuma mtaroni.

Mitaro yetu huteremkia ziwani. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 na mto mmoja tu unaotoa maji yake, Lukuga, upande wa Kongo. Sehemu kubwa ya maji huondoka kwa mvuke, na mvuke haubebi plastiki. Kinachoingia kwa mitaro au kwa mto Luiche kinabaki humo, kikizama au kikikatika vipande vidogo mahali wanapokula dagaa na migebuka, katika ziwa linalolisha watu wa nchi 4.

Lakini chombo cha kujazia nacho kina hesabu yake, na wengi huikosea. Kifuko laini kina gramu 2 au 3 za plastiki. Dumu jipya la lita 5 lina gramu 150 au zaidi. Aliyenunua dumu jipya kwa ajili ya kupimiwa, akalitumia mara 10 kisha akalitupa, ametupa plastiki nyingi kuliko jirani yake wa vifuko. Lazima afike safari ya 60 hivi ndipo aanze kuokoa chochote. Kwa hiyo usinunue chombo kipya. Chukua kilichopo nyumbani: dumu la mafuta ya kula lililokwisha, ndoo ndogo ya chakula yenye mfuniko, chupa ya jemu au ya asali, mfuko wa kitenge. Anayenunua kila siku hufikisha safari 60 ndani ya miezi miwili.

Si kila dumu linafaa. Pindua chombo uangalie kitako, utaona pembetatu yenye namba. Namba 1 ni chupa za maji na soda. Namba 2 ni madumu magumu, na namba 5 ni ndoo na makopo mengi yenye mifuniko ya kubana. Kwa mafuta na sabuni chagua namba 2. Chupa ya namba 1 inafaa kwa vitu vikavu, ila ukiitia maji ya moto sana hujikunja na kupoteza umbo, na mdomo wake mwembamba hauingizi brashi. Kioo ni bora kuliko vyote kwa usafi, lakini ni kizito na si cha kupanda nacho bodaboda.

Chombo kilichowahi kuwa na dawa ya mimea kisiguswe kwa chakula hata kikisuuzwa mara tatu. Nasema hili kwa mkazo hasa kwa Tabora, kwenye mashamba ya tumbaku na pamba, ambako madumu mazuri ya dawa huonekana kama zawadi. Lililobeba petroli, dizeli au mafuta ya taa nalo likatae. Plastiki ya dumu hunywa mafuta hayo hadi ndani ya kuta zake, kisha huyatoa kidogo kidogo kwenye chochote utakachoweka. Sabuni huosha uso tu. Ukiwa na shaka, tia kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu, funga, acha juani saa mbili, fungua unuse. Harufu yoyote ikisikika, dumu hilo libaki la kumwagilia bustani ya maua.

Kuosha dumu la mafuta kuna utaratibu wake. Kwanza lipindue juu ya sufuria kwenye jua kwa saa moja ili mabaki yashuke. Hayo ni ya kutumia, si ya kumwaga. Kisha tia nusu lita ya maji ya moto yasiyochemka, kijiko kimoja cha sabuni ya maji na konzi ya mchele mbichi au changarawe safi. Funga, tikisa kwa nguvu dakika 2, mwaga. Mchele ndio brashi yako pale mkono usipofika. Rudia mpaka kidole ukikipitisha ndani ya mdomo wa dumu hakitelezi, halafu suuza mara mbili kwa maji safi. Kwa dumu lililokaa muda mrefu bila kazi, malizia na kijiko kimoja cha chakula cha dawa ya klorini isiyo na manukato kwenye lita 4 za maji, iache dakika chache, mwaga. Klorini isichanganywe kamwe na dawa ya choo yenye asidi, maana hutoa hewa ya sumu.

Wengi huosha vizuri wakaharibu kwenye kukausha. Dumu likisimamishwa wima mdomo wazi, tone hubaki kwenye kona ya kitako na kwenye mkono wa kushikia, ambao ndani ni mtupu. Lipindue mdomo chini, liegeme kwa mwinamo juu ya chanja au kreti ili hewa ipande, lilale hivyo usiku kucha. Tone hilo moja lina madhara. Kwenye mafuta, maji huvunja mafuta na kuachia asidi, na ndiyo sababu mafuta mazuri ya wiki iliyopita leo yanakereketa koo. Kwenye kikaango hurukia mpishi. Kwenye sukari hufanya mabonge, kwenye unga huanzisha ukungu. Mabaki ya mafuta ya zamani nayo ni mabaya kuliko watu wanavyodhani: yakishaanza kuchacha huharakisha mapya kuchacha. Kuongezea mapya juu ya mabaki ni kuyafupishia maisha.

Sasa nije kwenye uzito wa chombo kitupu, maana hapa ndipo mnunuzi anapovunjika moyo akarudi kwenye kifuko. Chupa ya kioo yenye mfuniko inaweza kuwa na gramu 300. Kama mchele ni shilingi 3,000 kwa kilo na muuzaji hakuutoa uzito wa chupa, umelipa shilingi 900 kwa kioo chako mwenyewe. Dawa yake ni kupima chombo kikiwa kikavu na kitupu, pamoja na mfuniko wake, kabla ya kuwekwa punje hata moja, na kuandika uzito huo kwenye chombo. Wino wa kalamu ya kuandikia kwenye plastiki huyeyuka ukiguswa na mafuta, kwa hiyo andika kwenye karatasi, kisha ifunike kwa selotepu pana, au chora namba kwa ncha ya msumari uliopashwa moto. Mfuniko ukibadilika, pima upya.

Kwenye mizani ya saa, muuzaji anasoma mshale na kutoa hesabu kichwani: mshale unaonyesha kilo 1 na gramu 300, chupa ni gramu 300, bidhaa ni kilo moja. Mizani ya kidijitali ina kitufe cha kurudisha sifuri chombo kikiwa juu, na kinarahisisha mno, ila kina mtego. Chombo kikiondolewa, kioo huonyesha namba yenye alama ya kutoa. Muuzaji asipoisawazisha upya, mteja anayefuata mwenye chombo cha gramu 100 atakatwa gramu 300, na duka litapoteza gramu 200 bila mtu kuiba. Makosa ya kupima hula pande zote mbili. Angalia pia ukubwa wa mgawanyo. Mizani ya saa ambayo kila mstari ni gramu 50 haifai kupimia gramu 100 za iliki au mdalasini.

Mizani ya biashara hukaguliwa na Wakala wa Vipimo kila mwaka na kubandikwa stika, basi stika ikae upande wa mteja. Wakala huo huo umekuwa ukihimiza tuache kuuziana kwa sado na ndoo, na sababu ziko wazi kwa yeyote aliyezishika. Sado ya lita 4 ikibonyezwa kitako hupungua bila mteja kuona akitazama kwa juu. Kuna wa kujaza kwa kichuguu, na kuna wa kukata kwa kiganja. Halafu ujazo si uzito: lita moja ya chumvi huzidi kilo, lita moja ya mchele haifiki kilo, na unga uko chini zaidi, hasa ukiwa umetoka kuchekechwa na haujashikana. Anayetaka kujua sado yake ni ya kweli aijaze maji hadi ukingoni, ayapime. Lita 4 za maji ni kilo 4.

Mawese yanahitaji maelezo ya peke yake, kwa kuwa ndiyo mali ya mkoa huu na ndiyo yanayoharibiwa zaidi na upimaji mbaya. Mawese ni mchanganyiko wa mafuta mepesi na mazito. Usiku ukipoa, mazito huganda na kushuka, mepesi mekundu hubaki juu. Muuzaji anayechota juu ya pipa la lita 200 asubuhi anawapa wateja wa kwanza mafuta mepesi tu, na wa mwisho wa wiki wanapata mgando. Kisha malalamiko huanza kwamba yamechanganywa na kitu. Hakuna kilichochanganywa, ila hayakukorogwa. Pipa lisogezwe mahali penye joto, au dumu la lita 20 likae ndani ya beseni la maji ya moto mpaka mafuta yote yawe maji maji, kisha yakorogwe kutoka chini kwa mwiko mrefu mkavu. Moto wa moja kwa moja chini ya pipa usitumike, maana huunguza ya chini wakati ya juu bado yameganda, na kupasha kila siku huyachosha mafuta.

Bomba la pipa liwe juu ya kitako kwa upana wa vidole vitatu, ili maji na machicha yaliyotuama yasitoke na mafuta. Liwe la plastiki au la chuma kisichoshika kutu. Shaba na chuma chenye kutu huharakisha mafuta kuchacha. Pipa lifunikwe lisipigwe mwanga, kwa sababu rangi nyekundu ya mawese, ambayo mwilini hugeuka vitamini A, hupotezwa na mwanga na hewa. Chupa angavu za mawese zinazopangwa barabarani juani zinapendeza macho, lakini hayo ndiyo mafuta yanayokufa upesi.

Kipimo cha lita kikitumika, muuzaji asikirudishe haraka. Mawese ni mazito na hushika kuta, hivyo kipimo kikae kimepinduliwa juu ya faneli mpaka mkondo uwe matone. Na tusichanganye lita na kilo. Lita moja ya mawese ina gramu 900 hivi, dumu la lita 20 lina kilo 18 hivi. Anayenunua kwa kilo na kuuza kwa lita bila kulijua hilo anakosea kwa sehemu moja ya kumi, na ni mwanya huo unaoleta ugomvi kati ya wakamuaji wa vijijini na wachuuzi wa mjini. Mise, yaani mafuta ya kokwa za mchikichi, nayo ipewe faneli na kipimo chake. Mabaki ya mise ndani ya faneli ya mawese hubadilisha ladha ya chungu kizima.

Sabuni ya maji inayotengenezwa na wajasiriamali wetu ndiyo rahisi kuliko zote kuanza nayo, kwa kuwa haina masharti ya chakula. Tatizo lake la kwanza ni povu. Ukiimimina kutoka juu, chupa inajaa povu na mteja anaondoka na robo tatu. Itolewe kwa mpira unaofika kitako cha chupa, au iuzwe kwa uzito. La pili ni kuongezea juu ya mabaki bila kuosha chupa. Wengi hudhani sabuni haiwezi kuota vijidudu. Inaweza, hasa ikiwa imepunguzwa na maji, na dalili yake ni kuwa nyepesi na kunuka. La tatu ni la hatari: sabuni, klorini au spiriti visiwekwe kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa yenye nembo yake. Mtoto hasomi harufu. Vua nembo, andika SABUNI pande mbili, na tumia rangi moja ya mfuniko kwa vitu visivyoliwa.

Kwa nafaka, mkosaji mara nyingi ni muuzaji. Akimwaga mchele mpya juu ya wa zamani kwenye ndoo, wa chini hautoki kamwe, na fukusi hupata makao ya kudumu. Ndoo imalizwe, ipanguswe ikauke, ndipo ijazwe. Watu wa Tabora hawahitaji kukumbushwa habari ya dumuzi, mdudu aliyegundulika nchini kupitia mkoa wao na anayetoboa hata mbao. Kifuko kwake si kizuizi, chombo kigumu chenye mfuniko wa kubana ni kizuizi. Dona nunua ya wiki mbili tu, maana kiini cha mahindi kina mafuta na huchacha. Sembe huvumilia zaidi. Karanga zenye unyevu au punje zilizokunjamana na kubadilika rangi zisikubaliwe kwa bei yoyote, kwa ajili ya sumukuvu. Chumvi, ya Uvinza au ya kwingine, ifunikwe dukani na nyumbani, kwa sababu madini joto yaliyoongezwa hupotea ikiachwa wazi kwenye unyevu na jua.

Dagaa hawataki dumu. Wakitoka juani kwenye mialo ya Kibirizi au Katonga wakiwa bado na joto, wakafungwa kwenye plastiki, hutoa jasho na kuota ukungu siku ya pili. Kikapu cha ukili au mfuko wa kitambaa unaowaacha wapumue ndio mahali pao, na kitambaa kifuliwe kila baada ya safari.

Linabaki swali la mteja aliyepita sokoni bila kupanga kununua. Jibu tunalo kwenye kreti za soda: bila chupa tupu, unaweka fedha ya chupa, ukirudisha unapewa fedha yako. Duka likiwa na madumu 20 ya lita 1 yaliyoandikwa uzito na namba, na daftari la nani kachukua namba ipi, mteja huyo hakosi huduma. Amana iwe karibu na bei halisi ya dumu. Ikiwa ndogo mno, dumu halirudi; ikiwa kubwa, mteja wa mafuta ya shilingi 500 hawezi kuiweka. Yanayorudi yasijazwe palepale kwa mteja mwingine. Yaende kwenye kreti ya machafu, yaoshwe jioni, yakaushwe usiku.

Kwa Manispaa ya Kigoma Ujiji nina maombi mawili, na yote hayahitaji mradi mkubwa. La kwanza, kwenye soko la Mwanga na lile la Ujiji iwekwe mizani moja ya umma iliyokaguliwa, mahali ambapo mnunuzi yeyote anaweza kupima chombo chake kitupu asubuhi na bidhaa yake akitoka, bila kulipa. La pili, karibu na bomba la maji la soko ijengwe karo yenye mtego wa mafuta na chanja ya kukaushia yenye paa, ili wauza mawese na sabuni waoshe vyombo hapo badala ya kumwaga mtaroni. Kiangazi ndio wakati wa kujenga chanja hiyo, kabla mvua hazijaanza na kukausha dumu usiku mmoja kukawa shida.

Msomaji wako,
Mwanga, Kigoma